WiFi yako ya mtaani: utangaze au utulie kwanza, na ukitangaza, wapi?

Mwongozo huu ni wa mwenye mtandao mdogo. Umevuta faiba moja, umepandisha antena juu ya paa, unauza vocha za shilingi 500 kwa saa 24, na una wateja wachache wa mwezi uliowafungia rauta ndani. Uko Mbagala, Tandika, Kimara, Goba au mji wowote wa wilaya. Wateja wapo ila hawajatosha, na kila unayemwambia ana jibu moja: jitangaze. Huyu anamjua dogo anayetengeneza posta kali, yule ana ndugu mwenye wafuasi wengi Instagram, mwingine ana gari la spika.

Kabla hujatoa shilingi, kuna jambo linaloitenga biashara hii na ya viatu au simu. Viatu unaweza kuvipakia kwenye basi vikaenda Mwanza. Intaneti yako inaishia pale mawimbi au waya wako unapoishia. Mtu aliye mita 600 kutoka kwenye antena, hata alipende tangazo lako kiasi gani, huna cha kumuuzia. Ndiyo maana njia nyingi za matangazo zinazosifiwa mjini hazikufai: zinawafikia watu wengi, na karibu wote wako nje ya eneo lako. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata ukweli huo.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kuuza

Hii haihusu tangazo moja kwa moja, lakini tangazo ndilo litakalokuanika. Tanzania, kuuzia umma huduma ya intaneti ni biashara ya leseni chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ama uwe na leseni yako, ama uwe wakala mwenye mkataba na kampuni iliyo nayo. Kifurushi cha nyumbani ulichochukua kwa kampuni kubwa kwa kawaida kina kifungu kinachokataza kuuza tena. Soma mkataba wako, usiulize vijiweni.

Mtu anayeuzia majirani watano kimya kimya anaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Akibandika namba yake ya simu kwenye nguzo ishirini, ameandika mwenyewe ushahidi na mahali pa kumpata. Kama hili halijakaa sawa, pesa ya matangazo ielekee huko kwanza.

Kuna na sheria ya pili ambayo wengi hawaifikirii. Ukiandika majina na namba za wateja wako, unakusanya taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, pamoja na kujisajili kwenye Tume yake, PDPC. Tutairudia kwenye suala la SMS. Msomaji wa Kenya aweke CA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, mahali pa TCRA, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mahali pa hii yetu. Mengine mengi yanafanana.

Hatua ya 2: Tembea, uchore mpaka

Chukua simu ya kawaida, ile ambayo wateja wako wanayo, si simu yako ya bei kubwa. Toka nyumbani tembea kila kichochoro kuelekea nje. Usiandike pale jina la WiFi yako linapoonekana. Andika pale ukurasa wa vocha unapofunguka na video inapocheza bila kukwama. Hizo ni sehemu mbili tofauti, na ya pili iko karibu zaidi: antena ina nguvu ya kurusha mbali, lakini simu ina nguvu ndogo ya kujibu. Jina linaonekana, simu inajaribu kuunga, haifiki.

Utagundua mpaka wako si duara. Mwembe mmoja mkubwa unaweza kukata upande mzima. Ukuta wa tofali za saruji na paa la bati linaloshuka chini vinameza mawimbi, hasa ya 5 GHz, moja ya masafa mawili ya WiFi. Yale ya 2.4 GHz yanapenya vizuri zaidi lakini ndiyo yaliyojaa vurugu za rauta za jirani. Weka alama kwenye karatasi: hapa sawa, hapa kwa shida, hapa hakuna. Hesabu nyumba zilizo ndani ya "sawa" tu, na katika hizo, kadiria ngapi zina wapangaji wengi. Nyumba moja ya vyumba kumi vya kupanga ni soko kuliko majumba matatu yenye geti.

Kwa nini niseme "sawa tu" na kuziacha za "kwa shida"? Kwa sababu mteja wa mbali hajiumizi peke yake. Antena inazungumza na wateja kwa zamu, na mwenye mawimbi dhaifu anachukua muda mrefu wa hewani kupokea kitu kilekile. Ukiwavuta kumi wa namna hiyo kwa tangazo, walio karibu, waliokuwa wakikusifu, wataanza kulalamika. Tangazo linaloleta wateja wa pembezoni linaweza kukuharibia huduma yote.

Hatua ya 3: Pima saa 3 usiku

Mchana mtandao wa kila mtu ni mzuri. Kinachoamua ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 5, watu wamerudi makwao, wamekula, wamelala chali na simu.

Kama unatumia rauta ya MikroTik, washa ile sehemu ya grafu na uiache iandike wiki nzima, kisha angalia kilele cha kila usiku, yaani kasi kubwa kuliko zote iliyotumika. Kama vifaa vyako havina grafu, kaa navyo siku nne tofauti saa hizo na uandike kwenye daftari. Upande wa pili, chomeka laputopu kwa waya kwenye rauta kuu upime kasi unayopewa na anayekuuzia. Kuna wanaodhani wao ndio wamejaza wateja, kumbe megabiti 100 kwa sekunde walizolipia zinafika 60 usiku. Hilo ni la kuongea na kampuni inayokuuzia, na posta haina msaada hapo.

Nipe kipimo, utasema. Netflix wanashauri megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 1080p na 15 kwa 4K. Wateja wako wengi wanatazama kwenye simu, kwa kiwango cha chini zaidi, kwa hiyo laini ya megabiti 100 inabeba watu wengi kuliko hesabu ya kugawanya kwa tano. Lakini akitokea mmoja mwenye televisheni kubwa kwenye kila nyumba, hesabu inageuka. Mimi naangalia hivi: kilele kikipita robo tatu ya uwezo kwa siku tatu au zaidi katika wiki, huna cha kutangaza. Nunua megabiti kwanza. Kikiwa chini ya nusu kila usiku, unalipia uwezo unaolala bure, na hapo tangazo lina maana. Katikati yake, tangaza taratibu, kwa njia za bure tu.

Ongeza maswali mawili ya kibinadamu. Mteja mpya akipiga leo, fundi anamfikia lini? Ikiwa ni zaidi ya siku tatu, tangazo litaleta watu wa kuudhika. Na waliokuacha miezi mitatu iliyopita, waliacha kwa nini? Wapigie. Wakisema walihama mtaa, vizuri. Wakisema "ilikuwa inakatakata," funga mwongozo huu, panda juu ya paa.

Hatua ya 4: Jua mteja mmoja ana thamani gani

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo jibu lilipo. Nitatumia tarakimu za mfano, weka zako.

Mteja wa mwezi analipa 30,000. Ukitoa sehemu yake ya megabiti, umeme, fundi na makato ya malipo, tuseme inabaki 12,000. Wateja wa aina hiyo kwako wanakaa wastani wa miezi minane: 96,000. Lakini rauta, waya na ufundi wa siku ya kwanza ulibeba wewe, 45,000. Kilichobaki ni 51,000 kwa maisha yake yote kwako. Nisingetoa zaidi ya robo ya hiyo kumpata: kama 12,000.

Mnunuzi wa vocha je? Ananunua tatu kwa wiki, tuseme kumi na mbili kwa mwezi, 6,000. Nusu inaondoka na gharama, inabaki 3,000. Toa kamisheni ya dukani, asilimia 10 ya mauzo, 600. Inabaki 2,400. Huyu hana rauta yako ndani, hana deni na wewe. Bando likishuka bei anarudi kwenye bando. Mhesabie miezi mitatu: 7,200. Robo yake ni 1,800.

Sasa chukua 40,000 ya bango. Likileta wateja wa mwezi watano, umewapata kwa 8,000 kila mmoja, sawa kabisa. Likileta wanunuzi wa vocha, unahitaji 23 wapya, watu ambao hawakuwa wakikujua kabla, ili usipite kipimo. Kwa mtaa wenye nyumba themanini, hao 23 hawatoki kwenye bango moja.

Kwa hiyo wateja wa mwezi wanaweza kulipiwa tangazo. Wa vocha wanatafutwa kwa njia zisizo na gharama, au zinazolipwa baada ya kuuza. Shika hilo unaposoma zinazofuata.

Hatua ya 5: Anza na matangazo yasiyotoka nje ya mpaka

Jina la WiFi. Hili ndilo tangazo bora kuliko yote uliyonayo, na watu wengi wanaliacha na jina la kiwandani au la mtoto wao. Kila simu inayotafuta WiFi ndani ya eneo lako italiona, na aliye mbali halioni. Mpaka wa tangazo unakaribiana na mpaka wa huduma. Nafasi ni herufi 32, nafasi tupu zikihesabiwa. "WiFi ya Mtaa Saa24 Sh500" inaingia na chenji inabaki. Weka bei. Jina la kampuni halimsaidii mtu ambaye bando limemwishia saa 4 usiku.

Ukurasa wa kuingilia. Mtu akiunga, ukurasa unaojifungua umwambie mambo matatu kwa mpangilio: bei, namna ya kulipa, nani wa kumpigia. Wengi wanaweka picha kubwa ya nembo inayochukua nusu dakika kufunguka, wakati mgeni hana hata kilobaiti ya kwake. Ifanye nyepesi. Iweke kwa Kiswahili. Lipa Namba iandikwe kwa tarakimu kubwa, si ndani ya picha, ili mtu aweze kuinakili. Na hapohapo, chini, mstari mmoja: "Unataka ya mwezi nyumbani? Piga namba hii." Anayenunua vocha kila siku ndiye mteja wa mwezi aliye karibu zaidi nawe, tayari anakuamini na yuko kwenye mawimbi.

Dakika kumi za majaribio bure? Zinasaidia wiki za mwanzo. Ila simu za siku hizi zinaweza kubadilisha utambulisho wao kwenye mtandao zikaonekana kama simu mpya, na vijana wa mtaa watalijua hilo kabla yako. Ukiona watu wanaishi kwa majaribio, zima.

Google Maps. Fungua wasifu wa biashara, ni bure. Kama unafanyia nyumbani unaweza kuficha anwani ukaonyesha eneo unalohudumia. Nusu saa, mara moja, basi. Utapata watu wachache: ofisi ndogo, mgeni aliyehamia. Wachache hao mara nyingi ni wa mwezi.

WhatsApp. Tumia WhatsApp Business, weka bei kwenye katalogi. Kumbuka orodha ya kutuma kwa pamoja inachukua watu 256 na inamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe mteja aihifadhi siku unayomfungia. Grupu la mtaa si lako. Mara nyingi ni la serikali ya mtaa, la kikoba au la wazazi wa shule. Omba ruhusa, weka tangazo mara moja, kisha nyamaza. Lakini kuna ujumbe mmoja utakaokaribishwa humo siku zote: taarifa ya kukatika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo mteja anadhani ni antena yako. Mistari miwili, "tatizo ni la nyaya za baharini, si la mtaa wetu, nitawajulisha", inaonyesha mtaa mzima kwamba kuna mtu anayeshika simu. Kampuni kubwa haiwezi kuwa na sauti ya jirani.

Hatua ya 6: Walipe watu, baada ya kazi

Wakala wa pesa za simu na mwenye duka. Huyu auze vocha zako kwa kamisheni. Mpe stika moja nzuri ya kubandika karibu na dirisha lake, usimpe kumi. Chagua maduka yaliyo ndani ya "sawa" ya ramani yako tu. Duka lililo nje litauza vocha ambayo mnunuzi akifika kwake haifanyi kazi, na ugomvi utaishia kwa mwenye duka. Saluni na vinyozi ni pazuri kuliko watu wanavyodhani: mteja anakaa saa nzima au tatu akisubiri, simu mkononi. Wape intaneti ya bure wao wenyewe, vocha ziuzwe kwa wanaosubiri.

Dalali wa nyumba. Kama ningeruhusiwa njia moja tu ya kulipia, ningechukua hii. Mtu anayehamia hana intaneti bado, anapanga maisha upya, na dalali ndiye wa kwanza kumwambia maji yanatoka lini na umeme ni wa kushirikiana au wa peke yake. Akiongeza, "na WiFi ipo, fundi yuko hapa nyuma", kazi imekwisha. Mlipe kwa kila mteja wa mwezi, tuseme 5,000, na mlipe mteja akishalipia mwezi wa pili. Sharti la mwezi wa pili litamfanya asikuletee watu wa kubahatisha, na litakufanya wewe usilipie waliokaa wiki mbili. Mwambie tangu mwanzo, mbele ya shahidi. Madalali wana kumbukumbu nzuri ya ahadi na mbaya ya masharti.

Mwenye nyumba. Anakupa paa la kufungia antena na ruhusa ya kupitisha waya, wewe unampa intaneti yake bure. Wapangaji wake wanapata huduma na yeye anaitaja kama sifa ya nyumba. Andikianeni, hata karatasi moja, ikitaja umeme wa antena unalipwa na nani. Hili la umeme ndilo linalovunja urafiki.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe: kawasalimie kabla hujabandika chochote. Kuwafungia WiFi ofisini kwao ni gharama ndogo, na watu wanaokuja kuchukua barua za utambulisho watakuona hapo.

Hatua ya 7: Njia za kulipia, moja moja

Stika na bango. Bango dogo la kitambaa kwenye kona ambayo watu wa mtaa wanapita wakirudi kutoka kituo cha daladala lina kazi. Bango barabara kuu halina, maana anayelisoma ni abiria wa kwenda Gongo la Mboto. Uliza ofisi ya kata kuhusu kibali na ada ya mabango kabla hujachapisha. Nguzo za TANESCO ziache, iwe kwa stika au kwa kutundika waya wako bila idhini.

Facebook na Instagram. Unaweza kuchagua eneo kwa mduara kwenye ramani, na hapo watu wanashangilia. Fanya hesabu. Tuseme huduma yako inafika mita 300 kila upande. Hata ukichora mduara mdogo wa kilomita moja, eneo lake ni mara kumi na moja ya lako. Yaani katika kila watu kumi na mmoja unaowalipia, mmoja ndiye unaweza kumhudumia, na hapo sijahesabu waliopita tu eneo hilo karibuni, ambao mfumo unawahesabu pia. Kubusti posti, yaani kulipia isambae, kuna maana kama una antena nne au tano zilizosambaa kata nzima, au kama unauza ya faiba kwenye mitaa mingi. Ukifanya hivyo, tangaza ya mwezi tu, na jina la mtaa liwe neno la kwanza la tangazo, ili aliye nje ajiondoe mwenyewe bila kubofya.

Mtu maarufu wa Instagram: hapana. Wafuasi wake wako Arusha, Mbeya, Muscat na Zanzibar.

SMS za jumla. Kwa wateja wako waliokubali kupokea, na waliopewa njia ya kujitoa, sawa: "vocha ya wiki imeshuka", "kesho saa 4 asubuhi tunafanya matengenezo". Orodha ya namba za kununua usiiguse. Sheria ya 2022 inataka ridhaa ya mwenye taarifa, na mbali na sheria, mtu anayepokea ujumbe wa kampuni asiyoijua anauliza kwanza walipata wapi namba yangu.

Gari la matangazo. Linafaa siku moja tu: ile unayofungua mtaa mpya kabisa, lizunguke mtaa huo likatulie. Omba kibali, zingatia kelele, na usilipeleke karibu na shule, hospitali au nyumba za ibada. Kwa mtaa uliokwisha kukujua ni kupoteza mafuta.

Redio. Dar es Salaam, hapana. Unalipia mkoa mzima ili usikike mtaani. Mji mdogo ni jambo jingine. Kama umefunika sehemu kubwa ya mji wenye redio ya jamii, kama Pangani FM au Radio Sengerema, wasikilizaji wengi wanaweza kuwa ndani ya eneo lako, na tangazo fupi jioni linastahili kujaribiwa.

Hatua ya 8: Andika kile utakachoweza kutimiza

Tangazo la mtandao mdogo halihitaji picha ya mwanamke wa Kizungu anayetabasamu na laputopu. Linahitaji haya:

"Mtaa wa ____, kuanzia msikitini mpaka kwenye daraja. Intaneti ya nyumbani 30,000 kwa mwezi, megabiti 5, inatosha simu nne. Kufunga ____. Fundi anaishi mtaa huu. Piga ____. Ng'ambo ya barabara bado hatujafika."

Sentensi ya mwisho inawashangaza watu, kwa nini umfukuze mteja? Kwa sababu itakupunguzia simu ishirini za watu usioweza kuwahudumia, na wa ng'ambo watakuuliza mnafika lini. Andika majina yao. Wakifika kumi na tano, unajua antena inayofuata inaenda wapi.

Epuka "haikatiki", umeme peke yake utakuaibisha. Epuka "bila kikomo" kama unapunguza kasi baada ya kiasi fulani, au sema wazi kiasi hicho. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mlaji wako anajua unapoishi. Usitaje kampuni kubwa kwa ubaya. Huwezi kuzishinda kwa bei ya bango, wala huna haja. Unachowashinda ni kufika kwa mteja ndani ya saa moja ukiwa na ngazi begani.

Hatua ya 9: Chagua wiki

Tarehe 25 mpaka tarehe 5 ndipo watu wana pesa ya kulipia mwezi. Katikati ya mwezi wanunuzi ni wa vocha. Kama uko karibu na chuo, vyuo vinapofungua mwaka mpya wa masomo, Oktoba na Novemba, fanya kazi na wenye hosteli kabla wanafunzi hawajaingia vyumbani. Usizindue ofa wiki ya Simba na Yanga. Usiku wa mechi kila aliyekosa nafasi kwenye kibanda cha kuonyesha mpira anaitazama kwenye simu, mtandao wako uko kileleni, na mteja aliyejiunga jana atakupima kwa usiku huo mmoja.

Hatua ya 10: Pima kila njia, kisha ujue kuacha

Usitangaze njia tatu kwa pamoja, hutajua ipi imeleta nani. Anza na moja, wiki mbili, ongeza nyingine. Vocha ni rahisi kufuatilia: zinapotengenezwa, zipe herufi za mwanzo tofauti, SL za saluni, DK za duka la kona, na mwisho wa mwezi mfumo utakuonyesha zipi zimetumika. Kwa wateja wa mwezi, swali moja wakati fundi anafunga waya: "Ulitusikia wapi?" Fundi aandike jibu kwenye daftari lilelile analoandika namba ya rauta, la sivyo hataandika. Watu wengi watajibu "kwa jirani". Andika jirani gani, umpe siku tatu za bure.

Gawanya pesa ya njia kwa idadi ya wateja ambao bado wapo mwezi wa pili. Ikizidi kile kipimo cha hatua ya 4, acha njia hiyo hata kama inasifiwa.

Na utafika wakati kilele cha saa 3 usiku kinapita robo tatu. Siku hiyo ondoa bango, simamisha malipo ya Facebook, futa bei kwenye jina la WiFi, na pesa iliyokuwa ya matangazo inunue megabiti. Dalali peke yake usimsimamishe. Wapangaji wanahama kila mwezi, wenye rauta zako wakiwemo, na yeye ndiye anayejua chumba gani kinabaki wazi Jumamosi na nani anaingia Jumatatu.